Miezi sita haihesabiwi tangu barua ikufikie

Mgeni anayeishi Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria nchini Tanzania, anafutiwa kibali cha ukaazi kwa barua ya tarehe 3 Februari. Barua inazunguka maofisini, inavuka ziwa, inamfikia tarehe 27. Naye anaanza kuhesabu siku hiyo ya 27. Kosa.

Njia ya kawaida ya kupinga uamuzi kama huo ni mapitio ya kimahakama, yaani Mahakama Kuu ichunguze kama uamuzi wa serikali ulifuata sheria. Kanuni za 2014 za mapitio hayo zinataka maombi ya ruhusa yafunguliwe ndani ya miezi sita tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, si tangu uliposaini kupokea bahasha. Ukipewa ruhusa, una siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe. Hizi 14 ndizo zinazowaponyoka watu, maana wakishapata ruhusa wanajiona wamemaliza.

Barua za kuomba wizara ifikirie upya hazisimamishi siku kuhesabika. Utajibiwa kwa heshima mara tatu, na miezi sita imekwisha.

Ukishachelewa, unaomba kuongezewa muda, na hapo hati ya kiapo, maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli, ndiyo kila kitu. Tangu shauri la Lyamuya Construction la 2010, mahakama hutazama kama umeeleza muda wote uliochelewa, kama ucheleweshaji si wa kupindukia, kama ulionyesha bidii, na kama uamuzi una dosari ya kisheria inayoonekana wazi. "Nilikuwa naumwa" haitoshi. Andika: tarehe 28 Julai hadi 19 Agosti nililazwa, cheti cha hospitali hiki, tarehe 20 nilivuka kuja Mwanza, tiketi hii, tarehe 21 nilimwona wakili. Ukiruka siku tatu, Wakili wa Serikali ataanzia hapo hapo. Na uzembe wa wakili wako, kwa kawaida, si sababu.

Ukisema karani wa mahakama alikwambia mfumo wa kufungua mashauri mtandaoni umegoma, karani huyo naye ale kiapo. La sivyo ni maneno ya kuambiwa tu. Piga picha ya skrini yenye tarehe. Ada nayo ilipwe siku ile ile unayopakia nyaraka, mabishano yasizuke kuhusu tarehe ya kufungua.

Ukishindwa Mahakama Kuu na unakwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha rufaa yenyewe siku 60 tangu notisi. Mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyotokea mahakamani, mara nyingi huchelewa kuchapwa, kwa hiyo omba nakala kwa barua ndani ya siku 30 za kwanza, na upande wa pili upelekewe nakala ya barua hiyo, wasaini kupokea. Bila saini yao, cheti cha ucheleweshaji cha Msajili wa mahakama, kinachoondoa siku za kusubiri nakala kwenye hesabu, kinaweza kukosa kukuokoa.