Babu, HADO na kambakochi

Mwaka ule nilikuwa katikati ya PhD, nasomea kambakochi, yule kamba mkubwa wa baharini, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, Iddi ikanikuta na nauli mfukoni nikarudi kwetu Kondoa. Kwetu bahari ni kitu cha kwenye TV. Mashangazi walikuwa wameshacheka wee, mtoto wa kike kasomeshwa mpaka kaishia kwa wadudu, kisha wakarudi jikoni.

Babu hakucheka. Baada ya pilau akaniita mkekani, haya mchumba, nieleze huyo mdudu anakaaje. Nikamwambia hana magando kama kaa, ana ndevu mbili ndefu zenye miiba, mchana kajificha kwenye mapango ya matumbawe, usiku ndo anatoka kutafuta chakula. Na ili akue lazima avue gamba zima, sasa ukimwandika alama juu ya gamba ataiacha palepale. Babu akadakia, sasa unamjuaje kuwa ni yuleyule, maana sisi ng'ombe tunamkata sikio? Nikamwambia na sisi tunakata, tunatoboa kipande kidogo kwenye pezi la mkia, akivua gamba lile pengo linabaki linaonekana kwa muda kabla halijajaa. Alifurahi huyo! Nadhani ndo siku aliyoamini nasoma kitu.

Akauliza kuhusu watoto, na hapo aligusa penyewe, maana ndo pagumu kuliko pote kwenye utafiti wangu. Jike anabeba mayai chini ya mkia, ni malaki, yakianguliwa vinatoka vitoto bapa vyembamba kama karatasi ya nailoni, mkondo unavibeba huko bahari kuu miezi mingi kabla havijarudi mwambani, na si lazima uwe mwamba wa mama yao. Babu akakaa kimya kidogo. "Yaani ndama azaliwe zizini kwangu, akakulie kwa mtu nisiyemjua?" Ndiyo babu. "Na huyo mvuvi mliyemfungia bahari, anamlindia nani?"

Nikaanza kueleza kwamba haijafungwa yote, hifadhi ipo tangu 1995 na watu wanaishi humohumo, kuna sehemu wanavua kwa masharti na kuna sehemu za kati hairuhusiwi kutoa chochote, na wale kamba wakubwa wanaokulia humo wengine wanatembea wanavuka mpaka, mvuvi anawapata nje. Hakunisikiliza. Alishafika 1979.

Wa Kondoa wanajua. HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Babu alikuwa kijana mwenye ng'ombe zake. Wenzake waliuza bei ya kutupa, yeye akazipeleka kwa shemeji yake nje ya mpaka, huko zikaisha mojamoja, kila akienda anaambiwa ile ya mabaka ilikufa, ile nyeusi hatujui. Ba'mdogo ni mwalimu, hawezi kunyamaza, akasema lakini mzee majani si yalirudi, makorongo si yalitulia?

"Yalirudi. Nimekataa? Yalirudi mimi sina ng'ombe."

Kwenye vitabu nilivyosoma vya hifadhi sijakuta sentensi inayoifikia hiyo, na nimesoma vingi. Ba'mdogo naye hakuwa amekosea, tatizo ndo hilo.

Baadaye wengine walipoondoka babu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba si zote zilienda kwa shemeji, mbili alibaki nazo, akawa anazichunga usiku ndani ya eneo. Anasema huku anacheka! Nikamwambia hata kule kwangu ni hivyohivyo, kambakochi anatoka usiku, mimi nazamia usiku, na sehemu iliyokatazwa naona tochi za watu majini.

Akaacha kucheka. "Ukiwaona unawasema?"

Nikamwambia naandika ni mitumbwi mingapi, kwa sababu nisipoandika hesabu ya kamba waliopungua haitaeleweka.

"Majina?"

Siandiki babu.

"Usiandike." Akaomba chai.

Niliporudi Mafia msimamizi wangu aliniuliza kwa nini daftari la usiku lina safu ya mitumbwi tu bila kijiji wala mwenye chombo, nikamjibu safu ya vijiji na majina haimo kwenye utafiti wangu na haitakuwemo. Hakupenda, ila alipitisha.