Pakiti ya tishu mfukoni

Mwenzangu wa kucheza dansi ya swingi, ambaye namwita Mama, amehamia kwa binti yake Atlanta, magoti yamemshinda. Tumecheza pamoja miaka 14 hapa New York. Wanaoniona leo ukumbini husema eti nimezaliwa na kipaji. Wangeniona zamani!

Mimi mtoto wa Tanga. Wazee wangu walikuwa wa kwenda dansini kwa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, basi nikajiona Lindy Hop, hiyo swingi yetu, si kitu. Darasani, dola 15 hivi kwa usiku, nikapewa ushauri wa kila namna. Mmoja: hesabu mpaka nane. Mwingine: usihesabu, sikiliza ngoma. Wa tatu: mkamate mwenzio kisawasawa ajue unampeleka wapi. Huyu wa tatu ndiye aliyeniponza. Usiku mmoja, wimbo wa mbio, nilimvuta Mama kama ninayepandisha nanga. Mkono ukaniponyoka, akaenda kutua kwenye meza ya vinywaji. Bilauri chini, maji ya ndimu kila mahali, na bendi wala haikusimama. Nikatafuta mlango wa kutokea.

Yeye akainuka, akajifuta sketi kwa tishu, akaitazama ile tishu, akaangua kicheko. Akachukua nyingine kavu, akanipa ncha moja, yeye akashika ya pili. "Haya, mwanangu, cheza. Ikichanika ujue umenivuta."

Hesabu ya tatu haikufika. Tukamaliza pakiti nzima usiku ule, na kwa wiki kadhaa nilitembea na tishu mfukoni kama mgonjwa wa mafua. Kumbe mkono hauna kazi yoyote! Ni kiwiliwili chako kinachoondoka, naye anakisikia. Siku tishu ilipomaliza wimbo ikiwa nzima, Mama aliikunja akaitia mkobani bila neno.

Nikilalamika mgongo alinikumbusha Frankie Manning, mchezaji maarufu wa Lindy Hop, aliyefanya kazi posta miaka na miaka, kisha akarudi kufundisha ana zaidi ya 70. "Wewe una 38, unalia nini?"

Mama mwenyewe ni wa Harlem, mtaa wa hapa New York. Mama yake mzazi alicheza Savoy, ule ukumbi wa Lenox Avenue uliofunguliwa 1926, weusi na weupe wakicheza sakafu moja wakati kwingi hilo lilikuwa mwiko. Ulifungwa 1958, ukabomolewa, sasa ni majumba ya watu. Alinipeleka pale mchana wa jua kali, akanishika mkono, tukacheza kando ya barabara bila muziki, magari yanatupigia honi. Niliona haya, yeye hata.

(Viatu msidanganywe: raba inanasa sakafuni na goti linaumia. Soli ya ngozi, hata kuukuu. Na mbebe shati la pili.)

Jumapili kanipigia simu. Salamu hakuna, anataka kujua nacheza na nani. Nikamwambia kuna binti mmoja, miguu myepesi, ila anavuta.

"Tishu unazo?"

Ninazo, Mama.