Saa Tano ya Nassir

Jana Rukia alinijia na daftari, penseli ameichomeka nyuma ya sikio kama fundi seremala. "Baba, mwalimu asema hii ni saa kumi na moja. Nyanya asema ni saa tano. Niandike gani?"

Nikacheka peke yangu, naye akanuna. Angejuaje kwamba swali lake hilo liliwahi kutuweka macho usiku kucha, mimi na mpwa wangu Nassir na nyanya yake?

Ilikuwa Ramadhani ya 2019, mwezi wa Mei, masika yamepamba moto. Nassir alikuwa amepata nafasi chuoni, nami nilishamuahidi ile laptopu, ile niliyoletewa kutoka Jeddah kisha ikasahauliwa kabatini miaka miwili chini ya mashuka ya mamangu. Nikaitia chaji, ikawaka. Kazi iliyobaki ilikuwa kufuta vyangu vyote na kuiwekea mfumo endeshi upya kupitia mtandao. Nikashikilia vitufe vya Command na R, likaja dirisha la urejeshaji, nikaifuta diski nzima. Ujinga wangu ulikuwa hapo. Nilifuta kwanza, mtandao nikaujaribu baadaye. Nilipobofya kuweka mfumo, ikanijibu kwamba sava ya urejeshaji, ile kompyuta ya mbali inayotoa huo mfumo, haipatikani.

Diski tupu, mfumo hakuna, na mwenye laptopu yuko kando yangu ananitazama kwa adabu.

Nilizima ruta nikaiwasha. Nikaizima tena, safari hii nikahesabu hadi sitini. Nyumba yetu ya Kibokoni, hapa Mombasa, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene hata waifai ya sebuleni haifiki jikoni, kwa hivyo nikasema ni kuta. Tukahamia ngazini. Kisha darini. Nikawasha hotspoti ya simu nikiwa na bando la giga 2, na mfumo wenyewe unapita giga 6, lakini nilitaka kuona tu kama utaanza. Jibu likawa lilelile.

Basi nikampigia yule kijana aliyetuvutia waya wa intaneti. Alikuwa ndiyo kwanza atoka tarawehe. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kebo za baharini zatua hapahapa Mombasa, SEACOM na TEAMS zote zilifika 2009, hiyo ya pili yatoka Fujairah kwa chini ya bahari, na mimi niko darini nimeinua laptopu kama mtu atafutaye mwezi wa Idd! Akanisikiliza mpaka nikaisha pumzi. "Ami, simu yako kwa waifai hiyo hiyo yafungua?"

Ilikuwa yafungua.

"Basi mtandao upo, ami."

Nikamkatia simu.

Mvua ilikuwa imepumzika. Mamangu akapanda polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine na sahani ya viazi karai. Nassir amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amefungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, achezeacheza tu. Mamangu akauliza, "Nassir, saa ngapi saa hizi? Nisije nikalala daku ikanipita." Nassir hakutoa simu mfukoni. Kwa mchezo tu, akaiuliza laptopu. Akaandika *date*, akabonyeza, kisha akanyamaza.

"Nyanya," akasema, "yasema ni Jumatatu. Januari 1, 2001."

Nikainama nikasoma mwenyewe. Nikasoma tena. Nassir alizaliwa 2002. "Kwa hii mashine, mjomba, mimi bado sijazaliwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa kidogo. Mamangu akatua sahani. "Na hiyo ndiyo mwaiuliza mambo?"

Chaji ilikuwa imekauka kabisa mle kabatini, saa ya ndani ikapoteza hesabu, ikarudi ilikoanzia. Na sava inapoitwa hutoa kwanza cheti chake cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe kweli, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Ukikionyesha cheti cha juzi kwa mashine iliyoko 2001, itakiona cha uongo na kukikataa. Kisha yaja kukwambia wewe kwamba sava haipatikani. Ilipatikana vizuri sana, ikafungiwa mlango.

Nassir akaanza kuiandikia tarehe ya kweli: mwezi, siku, saa, dakika, mwaka, tarakimu kumi bila kuachanisha. "Saa ngapi?" akauliza. "Saa tano na robo," akajibu mamangu, ambaye alikuwa na saa yake mkononi muda wote huo. Naye akaandika 05 na 15. Mashine ilitaka 23! Nikafumbua mdomo, kidole chake kikawa kimeshabonyeza. Tulikuwa nyuma kwa saa kumi na nane kamili.

"Jaribu hivyo hivyo," nikasema, kwa uchovu.

Mstari ukaanza kusogea. Cheti cha miezi mingi hakikuwa na habari na saa kumi na nane. Mamangu akachukua kiazi kimoja, akasema hajui tulikuwa tunabishana nini, kwani si alishasema ni saa tano?

Yaliyobaki ni kusubiri. Mvua ikarudi, tukashuka, ngoma ya daku ikapita chini ya dirisha mstari ukiwa nusu. Asubuhi, karibu saa mbili, laptopu ikatukaribisha kwa lugha kumi. Saa yake ilikuwa imejirekebisha yenyewe ilipokutana na mtandao. Nassir aliitumia hadi akamaliza chuo.

Rukia nimemwambia aandike zote mbili. Mwalimu bado hajasahihisha.

Yule kijana wa waya bado apita mtaani kwetu, ngazi ameifunga kwenye pikipiki. Akiniona barazani hupunguza mwendo. "Ami, mtandao vipi?"

"Shwari," humjibu. Miaka yote hii, shwari tu.