Kumbukumbu ya mradi: mtambo wa kupikia bia unaojizima kabla ya mchemko

Ninaandika hapa hatua niliyofikia katika kutafuta chanzo cha hitilafu ya mtambo wangu wa umeme wa kupikia bia nyumbani, ule ambao kuloweka kimea, kuzungusha maji yake na kuchemsha hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) hufanyika ndani ya sufuria moja. Una ujazo wa lita 35, unatumia umeme wa volti 120 na nguvu ya wati 1,600, nami ninautumia Denver, Colorado, mji ulio takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hitilafu yenyewe ni kwamba koili huacha kupasha joto maji yanapokaribia kuchemka, ilhali pampu na kioo cha vipimo huendelea kufanya kazi kama kawaida.

Chini ya kitako cha sufuria kuna swichi ya usalama inayokata umeme wa koili joto linapozidi kiasi. Ukichomoa waya ukutani na kubonyeza kitufe chake, joto hurudi, lakini kufanya hivyo bila kujua kilichoikata ni kuahirisha tatizo tu. Nilipomimina maji yote nilikuta tabaka jeusi limeganda juu ya sehemu ilipo koili, kama ukoko wa uji ulioachwa motoni bila kukorogwa. Tabaka hilo huzuia joto kupanda kwenye maji, kitako hupata moto kupita kiasi, na swichi hutimiza wajibu wake. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuishuku koili. Nilipaswa kujua unga ulioungua ulitoka wapi.

Ulitoka kwenye kinu. Kimea cha shayiri kilikuwa kimesagwa kwa nafasi ya milimita 0.9 kati ya magurudumu ya kinu, na theluthi moja ya nafaka ilikuwa ngano, ambayo haina maganda ya kuchuja. Mchanganyiko wa namna hiyo hushikana ndani ya kikapu chenye matundu kinachoshika nafaka sufuriani, na hapo madhara huanza kufuatana: pampu huvuta maji kutoka chini kwa kasi kuliko yanavyopenya kwenye nafaka, nafasi iliyo chini ya kikapu hubaki na maji machache, na koili huunguza unga uliotulia hapo. Wakati huohuo kihisi joto, ambacho kimefungwa chini, kilionyesha nyuzi 67 za Selsiasi, ilhali kipimajoto nilichochomeka katikati ya nafaka kilisoma 61. Mtu anayetegemea kioo pekee atadhani vimeng'enya, vinavyogeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, vinafanya kazi katika joto alilolichagua, na kumbe sivyo.

Nimepanua nafasi ya kinu hadi milimita 1.2 na kuchanganya maganda ya mpunga yaliyooshwa pamoja na ngano. Pampu siiwashi mpaka nafaka itulie kwa dakika kumi hivi, kisha ninabana vali hadi kina cha maji juu ya nafaka kisibadilike. Kina hicho ndicho ninachokiangalia zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa maana kikianza kupanda, chini kunakauka. Ukoko niliuondoa kwa kuloweka kitako katika maji ya moto yenye asidi ya sitriki, kisha nikasugua kwa sifongo laini. Sikutumia steelwuli, kwa sababu mikwaruzo huupa unga mahali pa kushika tena.

Jambo la pili lilihusu mwinuko. Katika mji huu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini programu ya mtambo ilikuwa ikisubiri 100 ndipo ianze kuhesabu dakika za mchemko, na kiwango hicho hakiwezi kufikiwa. Nimeingiza 95 katika mipangilio, na saa sasa inaanza kwa wakati. Kwa kuwa hopsi hutoa uchungu wake polepole zaidi katika joto la chini, nimeongeza kidogo kiasi cha hopsi za mwanzo.

Niliondoa pia ekstensheni ndefu na nyembamba. Volti zikishuka kutoka 120 hadi 110, nguvu ya koili hupungua kwa takriban asilimia 16, na hasara hiyo ni kubwa kwa mtambo ambao, hata bila kupoteza joto lolote, huhitaji saa nzima kupasha lita 30 kutoka nyuzi 20 hadi 66.

Katika upishi wa mwisho swichi haikukata, kitako kilitoka na utando mwembamba uliofutika kwa kitambaa, na haidromita, inayoonyesha wingi wa sukari iliyoyeyuka, ilisoma 1.050 mahali ambapo mapishi hayohayo yalikuwa yakinipa 1.041. Kilichobaki ni pampu, ambayo bado hunasa hewa mara nyingine inapowashwa; nitafupisha mpira wake ili usipinde juu, kisha niipime tena kwa maji matupu.