Kutu ya Mtwara kwenye gari la Libya

Modeli yangu ya kwanza ya Kübelwagen niliipenda kwa sababu ya kutu yake. Hili ni gari dogo la jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lililoundwa na Volkswagen, ambalo katika skeli ya 1:35, yaani likipunguzwa mara 35, lina urefu wa sentimita 11 hivi. Nililitia kutu milangoni, chini ya madigadi na kuzunguka tairi la akiba lililolala juu ya boneti, kwa kutumia chumvi ya huku kwetu Mtwara: unapaka rangi ya kutu, unalowesha, unanyunyiza chembe za chumvi, na zikishakauka unapuliza rangi ya juu, kisha unaisugua chumvi itoke na kuacha madoa ya kuchubuka. Mjomba wangu, ambaye amenyoosha bodi za magari Chikongola kwa zaidi ya miaka 30, aliliweka kiganjani akaligeuza polepole.

“Mpwa wangu, gari hili lina umri gani?”

Nilimjibu kwamba lina mwaka mmoja, kwa kuwa nililiwazia likiwa Libya mwaka 1942.

“Mwaka mmoja, likaoza hivi? Basi lilikuwa linabeba samaki.”

Nilinuna siku mbili, lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeiga pikapu za Shangani, ambazo upepo wa bahari umezila milango kwa miaka 20, nikazihamishia jangwani. Magari ya vita hayakuishi muda wa kutosha kuoza. Vifaru vizito vya Kijerumani vya Tiger vilianza kupelekwa Tunisia Novemba 1942, na majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa huko yalisalimu amri Mei 1943. Kwa hiyo hata kifaru cha Tiger kilichodumu kuliko vyote katika mapigano hayo hakikumaliza miezi 7. Risasi, mabomu ya ardhini na uhaba wa vipuri viliyamaliza magari hayo kabla kutu haijapata nafasi.

Kinachotakiwa kuonekana kwenye mchubuko, basi, ni rangi iliyokuwa chini, na hapo historia inasaidia kuliko ufundi. Vikosi vya Wajerumani vilivyoanza kushuka Tripoli Februari 1941 vilifika na magari ya kijivu kilichokolea, rangi ya vita vya Ulaya, na askari wakayapaka matope ili yasionekane kwa mbali, kabla ya rangi ya mchanga kupatikana. Gari langu la pili nimelijenga kwa mpangilio huohuo. Nilianza na praima, yaani rangi ya msingi, nikapaka kijivu, nikapuliza dawa ya kushikisha nywele, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi, kisha juu yake rangi ya mchanga isiyotumia thina, yaani ile inayochanganywa na maji. Baada ya hapo unalowesha sehemu ndogo na kuisugua kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Dawa iliyo chini huyeyuka na rangi ya juu hubanduka, kijivu kikachungulia. Nilisugua pale tu mtu anapogusa: ukingo wa mlango, sehemu ya kukanyagia, pembe za boneti. Kutu niliiacha kwenye bomba la moshi peke yake, kwa sababu bomba huungua na halishiki rangi.

Vumbi lilinisumbua kuliko yote. Kwanza nilichota mchanga wa ufukweni, na matokeo yalichekesha, kwa sababu chembe ya nusu milimita katika skeli hii ni sawa na kokoto ya karibu milimita 18. Gari lilionekana limemwagiwa kifusi. Udongo wa Newala niliuchekecha kwa kitambaa cha kanga ukawa laini sana, lakini ni mwekundu, na vumbi la Libya nililokuwa nikilitafuta ni la manjano iliyofifia. Mwishowe nilikwangua chaki za shule, nyeupe na ya njano, nikaongeza ya kahawia kidogo, nikaupaka unga huo kwa brashi laini na kuushikisha kwa matone ya spiriti.

Huwa naulizwa kwa nini nahangaika na magari ya Wajerumani wakati Wajerumani wenyewe walipita Lindi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Walipita kweli, na Oktoba 1917 walipigana na Waingereza pale Mahiwa vita vikali mno, lakini mizigo yao ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, na jambo hilo sijaona namna ya kulijenga kwa plastiki bila kulidhalilisha.

Kilichobaki ni kioo cha mbele. Nimekata karatasi yenye umbo la njia ya waipa, nimeibandika, na nitapuliza vumbi juu yake kabla ya kuibandua. Ila mvua imeanza, na katika unyevu huu rangi hufanya ukungu mweupe. Nasubiri siku tatu za jua.