Jumatatu ambayo namba 4 haikutundikwa

Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani, walikuwa wamepanga kuistaafisha jezi namba 4, yaani asiivae mwingine tena, jioni ya Septemba 8, 2008, kwenye mechi yao ya kufungua msimu dhidi ya Minnesota Vikings. Haikustaafishwa. Mwenye jezi, Brett Favre, kwotabeki wao, yaani anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alikuwa ametangaza Machi kwamba anatundika daluga, akabadili mawazo Julai, na siku moja kabla ya sherehe iliyokusudiwa kuwa yake alikuwa Miami akiichezea New York Jets. Wakashinda 20–14.

Mechi ya Jumatatu niliitazama Brooklyn Park, Minnesota, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba ukikosa sukari ya chai jioni unajua mlango wa kubisha. Tulikuwa watatu sebuleni kwa kocha mkuu wa timu ya shule ya sekondari, ambako kazi yangu ilikuwa kushika kamera na kujaza daftari. Wa tatu alikuwa mzee wa Nyamira aliyetuendeshea basi la timu. Mpira ulianza saa kumi na mbili jioni. Mkono mmoja nilikuwa na stopwochi, mwingine kalamu, na mbele yangu daftari lenye safu tano: jaribio la ngapi, yadi zinazohitajika, mpangilio wa wachezaji, hatua za kurudi nyuma za kwotabeki, na sekunde tangu senta, anayeanzisha kwa kumpa mpira kwotabeki aliye nyuma yake, autoe hadi kwotabeki auachie. Kocha hakutaka kujua nani anashinda. Alitaka kujua mtu aliyesugua benchi miaka mitatu anafanana vipi siku anapopewa usukani.

Runinga ilipomwonyesha Aaron Rodgers, mrithi wa Favre, akivaa helmeti, mzee akaniuliza, "Kijana wangu, huyu miaka yote hiyo alikuwa akila mshahara wa bure?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake liko Jumatano hadi Ijumaa, siku ambazo kamera za runinga hazipo.

Wiki ya timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huwa na siku tatu nzito za mazoezi. Katika siku hizo karibu kila mchezo, yaani tukio moja tangu senta autoe mpira hadi usimame, unaofanyiwa mazoezi na kikosi cha kwanza unakwenda kwa kwotabeki wa kwanza. Si upendeleo. Mbinu mpya za wiki ni nyingi, muda ni mchache, na pasi nzuri inategemea mpokeaji kujua mpira utafika kifuani au begani hata kabla hajageuka. Wa akiba anabaki na kazi mbili. Ya kwanza ni kuongoza kikosi kinachowaiga wapinzani wa Jumapili: kocha anainua kadi yenye mchoro wa mchezo wa timu nyingine, naye anautekeleza dhidi ya ulinzi wa kwanza wa timu yake. Kwa Rodgers maana yake ilikuwa kuwarushia mpira kina Charles Woodson na Al Harris wiki baada ya wiki, akitumia mbinu ambazo si zake. Ya pili ni siku ya mechi, kusimama pembeni akisikiliza kila maagizo yanayoingia kwenye helmeti ya mwenzake na kuusoma ulinzi kimya kimya, kana kwamba mpira utamjia yeye.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba unamfundisha mtu kuona, haumfundishi kuwahi. Baada ya mchezo mmoja kwisha, timu ina sekunde 40 kuanza mwingine, na redio ya kocha kwenye helmeti hukatika zikibaki 15. Ndani ya muda huo kwotabeki asikie jina refu la mchezo, awarudie wenzake kumi bila kukosea neno, apange mstari, autazame ulinzi, na ikibidi abadilishe kila kitu kwa sauti ya juu. Wa akiba analijua jina la mchezo. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kulitamka huku watu kumi wakimtazama mdomo.

Nikamwambia mzee kwamba Rodgers aliletwa Aprili 2005. Alikuwa chaguo la 24 kwenye drafti, ule mgao wa wachezaji wanaotoka vyuoni, baada ya kukaa saa nyingi mbele ya kamera akisubiri jina lake wakati timu zikimruka moja baada ya nyingine. Favre wakati huo alikuwa na miaka 35, na tangu Septemba 27, 1992 hakuwa amekosa kuanza mechi hata moja ya ligi. Yeye mwenyewe aliipata nafasi baada ya Don Majkowski kuumia, kwa hiyo alijua vizuri hatari ya kumwachia mwenzako mlango wazi wiki moja.

Kila msimu ulipokwisha, swali lilikuwa lile lile: anarudi au harudi? Mwaka 2006 jibu lilikuja mwishoni mwa Aprili. Kwa shabiki hiyo ni hadithi ya kijiweni tu. Kwa klabu ni hesabu. Soko la wachezaji huru hufunguka Machi, drafti ni mwisho wa Aprili, mazoezi ya pamoja huanza Mei, na kambi hufunguliwa mwisho wa Julai. Juu ya hayo yote kuna ukomo wa mishahara, ambao mwaka 2008 ulikuwa dola milioni 116 kwa timu nzima. Mshahara wa kwotabeki mkongwe ni kipande kikubwa cha fedha hizo, na asiposema analolitaka, kipande hicho hakiwezi kutumika wala kufutwa.

Mpira wa mwisho wa Favre akiwa Packers ulirushwa Januari 20, 2008, fainali ya NFC, mojawapo ya nusu mbili za ligi, uwanja wao wa Lambeau, nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi kabla hujahesabu upepo. Kwenye baridi ya namna hiyo ngozi ya mpira hukakamaa na kuteleza, hewa ya ndani husinyaa, na vidole havisikii mishono. Katika muda wa nyongeza pasi yake ikanaswa na Corey Webster wa New York Giants, Lawrence Tynes wa Giants hao akapiga shuti la yadi 47, mambo yakaisha 23–20. Nimewasikia wengi wakisema pasi ile ndiyo iliyomstaafisha. Mimi nadhani ndiyo iliyomrudisha, kwa sababu mtu wa aina yake halali na pasi kama hiyo kichwani.

Alipostaafu Machi 4, gurudumu lilianza kuzunguka upande mwingine. Kocha Mike McCarthy alikuwa na utaratibu wa kuwafundisha makwotabeki wake kila majira ya kuchipua, na kwa mara ya kwanza darasa lile lilikuwa na Rodgers kama mwenye kiti. Kazi ya kuusahihisha mwili wake ilikuwa imeshafanyika huko nyuma. Chuo Kikuu cha California kilimtoa akiushika mpira juu, karibu na sikio, na McCarthy akaushusha hadi kifuani ili mkono uinuke na kurusha kwa mwendo mmoja badala ya kuanza ukiwa umeganda. Miguu nayo ilifungwa na saa: hatua tatu nyuma, mpira uondoke kwenye sekunde moja na nusu hivi, hatua tano, mbili na nusu. Mguu wa nyuma ukikanyaga na mpokeaji wa kwanza amebanwa, macho yahame kwa wa pili, na vidole vya miguu vihame navyo. Anayehamisha macho peke yake hurusha mpira nyuma ya mpokeaji. Kosa hilo nimeliandika kwenye daftari kwa vijana wetu mara nyingi kuliko jingine lolote.

Kilichobaki kwa Rodgers masika yale kilikuwa kimoja tu, yaani zamu na kikosi cha kwanza. Akazipata zote, Machi mpaka Julai.

Kisha Favre akaomba aachiliwe rasmi. Hapo mzee alisimamisha karanga mdomoni: "Si ni mtu mzima? Wamwachie aende." Ugumu ni kwamba mchezaji anayestaafu mkataba ukiwa bado hai huwekwa kwenye orodha ya waliostaafu, na haki zake hubaki kwa klabu. Akirudi, anarudi kwao, na mshahara wake unarudi kwenye hesabu. Kumwachia bure kungekuwa kumpeleka moja kwa moja kwa Vikings, wapinzani wa kundi moja wanaokutana nao mara mbili kwa msimu, tena akiwa anakijua kitabu chote cha mbinu. Packers hata walilalamika kwa ligi kwamba Vikings walikuwa wameongea naye kinyume cha kanuni. Ligi haikuona kosa. Favre akarejeshwa kwenye orodha ya wachezaji Agosti 4, akakaa na McCarthy kwa saa nyingi, na hawakuelewana. Usiku wa Agosti 6 akauzwa kwa Jets kwa chaguo la drafti ambalo thamani yake ingepanda kadiri atakavyocheza. Kulikuwa na kufuli pia: Jets wakithubutu kumpeleka Vikings, wangewalipa Packers machaguo matatu ya raundi ya kwanza.

Aliyelipia mkanganyiko huu bila kuuliza ni Chad Pennington, kwotabeki wa Jets. Jets walimwacha siku iliyofuata ili nafasi ipatikane, akaenda Miami Dolphins, na Desemba akaja kuwafunga Jets hao hao kwao 24–17 na kuchukua ubingwa wa kundi.

Tukarudi kwenye runinga. Niliona mapema kwamba McCarthy hakumtupa kijana majini. Rodgers alirusha mara 22 tu, 18 zikafika, yadi 178, hakuna iliyonaswa. Yadi nane na kitu kwa kila jaribio. Hiyo si takwimu ya mtu anayejificha, lakini pia si ya mtu anayetaka kumfuta mtangulizi wake kwa usiku mmoja, na kocha alilirudia hilo mara mbili akigonga meza. Tachidauni yake ya kwanza ya pasi tangu apewe usukani, yaani alama za kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, ilikuwa ya yadi moja kwa Korey Hall, mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kuzuia. Will Blackmon akakimbia yadi 76 hadi tachidauni, akirudisha mpira ambao Vikings waliupiga kwa mguu. Kipindi cha nne Ryan Grant akawatoka mbio ndefu hadi karibu na mstari, na Rodgers akaumalizia mwenyewe kwa yadi moja, kisha akaruka kwa mashabiki ukutani kama ilivyo desturi ya Lambeau. Vikings walipokuwa wakitafuta ushindi mwishoni, pasi ya Tarvaris Jackson ikanaswa na Atari Bigby. 24–19.

Kocha hakuwa akitazama ukutani. "Nyuma yake kuna nani?" akauliza. Matt Flynn na Brian Brohm, wote wawili wa drafti ya mwaka ule ule, hakuna aliyewahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Timu iliyokuwa na mkongwe na mrithi ilibaki na mrithi na wanafunzi wawili. Na jana yake tu, huko New England, Tom Brady alikuwa ameumia goti robo ya kwanza, msimu ukaisha, na nafasi ikachukuliwa na Matt Cassel, mtu ambaye hakuwa ameanza mechi kama kwotabeki tangu sekondari. Kocha akafunga daftari langu kwa mkono wake.

Sisi nasi tulikuwa na kwotabeki wa mwaka wa mwisho mwenye bega bovu, aliyemwambia mama yake ameacha na kumwambia kocha anaendelea. Nyuma yake alikuwepo wa mwaka wa tatu aliyekuwa akipata mchezo mmoja katika kila kumi mazoezini. Jumanne alasiri kocha akabadilisha hesabu: saba kwa mkubwa, tatu kwa mdogo, na hizo tatu na kikosi cha kwanza, senta wa kwanza akiwemo.

Mchezo wa kwanza wa yule mdogo mpira ulianguka chini. Wa pili pia. Tatizo halikuwa woga. Alikuwa amezoea senta wa pili, mfupi zaidi na mwenye mkono mzito, kwa hiyo aliweka mikono chini mno na kuitoa mapema kabla mpira haujatua. Kocha akamwita kando yeye na senta peke yao. Mkono wa kulia juu, kiganja kikandamize kiasi cha senta kuusikia. Wa kushoto chini, viganja vikutane kwenye vifundo. Mikono isogee mbele pamoja na senta, isitoke mpaka mpira ugonge kiganja cha juu. Mara ishirini kabla ya mazoezi, kila siku, kumi kati ya hizo mpira ukiwa umelowekwa kwenye ndoo. Ndoo niliibeba mimi.