Nilivyopima usalama wa Forester kabla ya kuilipia

Nyota tano za majaribio ya kugongesha magari peke yake hazikunitosha. Gari niliyoifuatilia ni Subaru Forester ya SJ, yaani kizazi chenye msimbo huo, kilichoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2012, na wauzaji wote huisifia nyota. Lakini ni nyota za nani, za mwaka gani, na gari iligongwa upande upi?

Hilo la upande ndilo lililonishughulisha zaidi. IIHS, taasisi ya Marekani inayojaribu usalama wa magari, ilianzisha mwaka 2012 jaribio la kugongesha robo tu ya upana wa mbele, kwa kilomita 64 kwa saa. Ni jaribio kali, kwa sababu kishindo hupita kando ya mihimili mikuu na kuingia kwenye tairi, bawaba za mlango na miguu ya dereva. Mwaka 2013 Forester iliongoza kati ya SUV 13 zilizojaribiwa. Ila waligonga kushoto, anakokaa dereva wa kule. Walipogonga kulia mwaka 2016, Forester ya 2014 ilishuka madaraja mawili. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo alama ile sikuihamishia huku. Uzito niliwapa JNCAP ya Japani na ANCAP ya Australia, wapimaji wa usalama wanaogonga magari ya usukani wa kulia, nikijua kwamba jaribio lao la kasi hiyo lilihusisha asilimia 40 ya upana, si robo.

Baada ya hapo niliiacha modeli nikaigeukia gari yenyewe. Namba ya chesisi ya gari ya Japani huanza na SJ5 au SJG, kisha tarakimu. Haifiki herufi 17, hivyo tovuti za Marekani haziipokei. Iingize kwenye tovuti ya Subaru ya Japani uone kama kiwanda kiliiita irudi kurekebishwa kasoro na kama kazi ilifanyika. Mwaka 2019 Impreza na Forester zaidi ya milioni 2 ziliitwa kwa swichi ya taa za breki, ambayo mvuke wa silikoni huziba mguso wake. Mtu akanyage pedali taratibu, mara nyingi, wewe ukiwa nyuma. Taa ikikosa hata mara moja, swichi ibadilishwe.

Anayetazama SH, kizazi kilichotangulia SJ, aanze na eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata. Baruti inayozijaza hewa huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kopo la chuma likapasuka na kurusha vipande. Kwa Tanga, Dar au Mombasa, hilo si jambo la kuahirisha.

Karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani ikiwa na daraja la R au RA, gari iliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mimi huishia hapo. Kisha washa swichi bila kuwasha injini: taa ya eabegi iwake sekunde chache, izime. Isipowaka kabisa ni mbaya kuliko ikigoma kuzima, maana huenda kuna mtu ameikata. Vuta kila mkanda hadi mwisho. Usiporudi wenyewe, huenda ulishafyatuka kwenye ajali. Tafuta pia maandishi ya SRS, alama ya eabegi, kwenye nguzo na ubavuni mwa viti, kwani magari mengi ya Japani yaliuzwa na eabegi za mbele tu.

Mwisho kioo cha mbele. Kamera mbili za EyeSight, mfumo wa Subaru unaoona mbele na kushika breki wenyewe, hutazama kupitia kioo hicho, na kikibadilishwa lazima zipangwe upya kwa mashine. Kioo kikiwa si cha kiwandani na hakuna karatasi ya kazi hiyo, nahesabu kwamba breki ya kujishika yenyewe haipo.